Khatari za Kupanda Angani na Kuzama Ziwani



Wazee wa Kigoma na Ujiji waliiona ndege mapema. Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, ndege za Wabelgiji zenye kuelea majini zilivuka Ziwa Tanganyika zikaitupia mabomu bandari ya Kigoma. Leo ndege haitushangazi tena. Twaipanda kwenda Dar es Salaam, na mahujaji wetu huipanda kwenda Jidda. Tena wako vijana waliochukua njia ya kushuka, wakizama ziwani na mitungi ya hewa mgongoni ili kukamata samaki wa mapambo miambani. Njia hizi mbili hazifanani, lakini madhara yake kwa mwili yana asili moja, nayo ni mgandamizo wa hewa.

Kila tupandapo juu, mgandamizo hupungua. Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'am, aya ya 125, imekitaja kifua chenye dhiki kwa mfano wa mtu apandaye mbinguni. Na kila tushukapo majini mita 10, mgandamizo huzidi kwa kadiri ya ule tulio nao ufukoni. Hewa iliyofungwa mahali hutanuka mgandamizo unapopungua, na hunywea unapozidi.

Ndani ya ndege kubwa hewa hushindiliwa, lakini huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ishukapo, mwenye mafua huumia sikio, kwa kuwa njia nyembamba itokayo kooni kwenda sikioni imeziba. Basi msafiri asilale wakati wa kushuka. Ameze mate, apige miayo au atafune kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe. Mwenye maradhi ya moyo, mapafu au upungufu wa damu amwone daktari kabla ya safari.

Majini khatari ni kubwa zaidi. Kwanza, mzamiaji mwenye mtungi akizuia pumzi huku akipanda, hewa ya mapafuni hutanuka. Kutoka mita 10 hadi juu huwa yapata maradufu. Mapafu huweza kupasuka, na mapovu yakafika ubongoni. Pili, hewa iitwayo naitrojeni huingia damuni mtu akaapo chini. Akipanda kwa haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa. Hapo viungo huuma, miguu hufa ganzi, na wengine hupooza.

Ziwa letu lina jambo lake. Uso wake uko yapata mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo vipimo vya kuzamia vilivyowekwa kwa ajili ya baharini havitoshi hapa mpaka virekebishwe. Tena njia ya kutoka Kigoma, iwe ya Kasulu au ya Tabora, hupanda juu. Aliyezama mara moja angoje muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege. Aliyezama mara nyingi, saa 18. Na kungoja saa 24 ni salama zaidi. Wala asiharakie safari ya milimani.

Na hili ndilo lililotusukuma kuandika. Kijana hutoka majini mzima, kisha jioni miguu ikakataa. Jamaa wakasema amepigwa na jini la ziwa, wakamweka ndani siku tatu kwa mafusho na makombe. Sisi walimu wa madrasa ndio tuitwao kwanza. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, wala hatumkatazi mtu. Lakini aombewe akiwa njiani kwenda hospitali. Alazwe chali, apewe oksijeni, na daktari aambiwe wazi kwamba alizama na mtungi. Dawa yake khasa ni chumba cha chuma ambamo hewa hushindiliwa kisha hupunguzwa taratibu. Vyumba hivyo ni vichache sana Afrika Mashariki, na mgonjwa asisafirishwe kwa ndege bila ya shauri la daktari.

Basi yatupasa wazazi kuuliza kabla ya kumruhusu kijana: Nani amemfundisha? Nani ampimiaye kina na muda? Je, amejua kwamba hapandi kwa kasi kupita mita 9 kwa dakika, wala hazuii pumzi kamwe? Tajiri asiyeweza kujibu maswali haya asipewe mtoto wetu, hata akitoa ujira mkubwa namna gani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa angani na wa majini. Amin.