Ukitaka Kununua Motokaa Iliyotumika ya Kubeba Jamaa Yako

Siku hizi si ajabu kumwona mwalimu, mwenye duka au mkulima wa viazi akiendesha motokaa yake mwenyewe. Si motokaa mpya, la. Ni gari lililotumika Japani miaka kumi au zaidi, likaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam au Mombasa. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia kama wetu. Tena kwao gari hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama. Basi wengi huona afadhali kuliuza gari lingali zima.

Wenye watoto hupenda zaidi magari ya kimo cha katikati, kama Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V na Subaru Forester. Si Landrova ya porini, wala si teksi inayokwaruza tumbo kila penye tuta. Watu watano hukaa, mizigo huingia nyuma, na bibi hupanda pasipo kuinama sana. Ni magari mazuri. Lakini nimeona nyumba moja ikiingia taabu kwa ajili ya gari zuri, na nyumba yenyewe ni ya wakwe zangu.

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Njombe. Mama yake ana ugonjwa wa kisukari, na kila mwezi hana budi kufika hospitali, mwendo wa saa mbili kwa njia ya udongo. Mwaka 2019 shemeji alichukua mkopo katika chama chao cha akiba, akauza na ng'ombe wawili, akanunua X-Trail ya mwaka 2008. Lilikuwa gari jeupe, viti safi, redio inalia. Miezi minne halikuwa na neno. Akasema moyoni, "Kitu hiki nimekinunua kwa jasho, afadhali nikitunze." Akalipeleka gereji libadilishwe oili zote.

Fundi akamwaga oili ya giaboksi, akatia haidroliki nyekundu, ile inayotiwa katika magari mengi ya otomatiki. Shemeji akamwuliza, "Je, hii ndiyo yake?" Akajibiwa, "Haidroliki ni haidroliki, mwalimu."

Juma la tatu, katikati ya masika, wakawa njiani kwenda hospitali. Penye mlima injini ikanguruma, gari lisipande. Akakanyaga mafuta, kelele zikazidi, mwendo ukapungua, mwisho gari likasimama kabisa na mama yake yumo kiti cha nyuma. Walikaa pale kwenye mvua mpaka lori la viazi likawachukua. Mama mkwe alifika hospitali jioni, amechoka kupita kiasi, waganga wakamlaza siku tatu. Giaboksi ilikuwa imekufa. Mkopo, walakini, ulikuwa hai, na ukaendelea kukatwa katika mshahara kila mwezi.

Nataka neno hili lieleweke vizuri, maana limewapata wengi. Gari lile halina gia za meno kama zile tulizozizoea. Ndani mna kapi mbili, na kati yake mkanda wa chuma. Kapi hizo hupanuka na kubana, ndiyo sababu gari huongeza mwendo pole pole pasipo kushtuka. Mafundi huziita CVT. Oili yake ndiyo inayosukuma kapi zibane, ndiyo inayopoza, na ndiyo inayoufanya mkanda ushike chuma usiteleze. Kwa X-Trail ile, Nissan wanataka oili yao iitwayo NS-2. Haidroliki ya kawaida haina mshiko huo. Mkanda huteleza, hukwaruza kapi, na unga wa chuma huzunguka humo ndani mpaka kila kitu kimeharibika.

Wala msifikiri ni Nissan tu. X-Trail za kwanza, zile za miaka 2000 hadi 2007, kama ni za otomatiki zina gia nne za kawaida. Zilizofuata ndizo zenye CVT. Vivyo hivyo RAV4: zilizouzwa Japani kabla ya mwisho wa 2005 zina gia za kawaida, na zile zilizokuja baadaye zina CVT, nazo zina oili yake. Kwa nje mnunuzi hawezi kutambua. Inampasa asome kitabu cha gari. "Lakini kitabu kimeandikwa Kijapani!" Ni kweli. Ndiyo maana wengi hukitupa, au hukitumia kuinulia meza inayoyumba. Siku hizi lakini kijana yeyote mwenye simu ya kisasa aweza kuielekeza kamera juu ya ukurasa ikamfasiria maneno. Hayatatoka Kiswahili cha kupendeza, lakini jina la oili litaonekana.

Haya, turudi nyuma, kwenye kununua.

Jambo la kwanza, usinunue peke yako, wala usinunue siku ile ile uliyoliona. Mtu akikuambia kuna mwingine anakuja saa tisa na fedha mkononi, mwache huyo mwingine alichukue. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na umlipe ujira wake.

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, uliza sababu, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi mengi. Fungua kifuniko cha oili ukitazame kwa ndani: ukiona uji mweupe kama maziwa, yawezekana maji yameingia katika oili. Fungua na rejeta, ila uwe na hakika kwamba ni baridi, maana rejeta ya moto humwunguza mtu uso. Maji yake yawe ya rangi safi, ya kijani au mekundu. Yakiwa ya kutu, gari hili limenyweshwa maji ya mtoni miaka mingi. Kisha liwashwe, nawe usimame nyuma utazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayozidi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si kitu, lakini ukiendelea kutoka mzito hata injini imepata moto, ni maji, na hapo aga uende zako.

Saa ya kilomita usiiamini peke yake. Wafanyabiashara hukadiria kama kilomita 10,000 kwa mwaka kwa gari la Japani. Gari la miaka kumi na mitano linalosema 60,000 laweza kusema kweli, lakini na lithibitishe. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Mpira ukiwa kipara na usukani unang'aa kama kiti cha kinyozi, hizo 60,000 ni hadithi. Gari lililopita mnadani huko Japani lina karatasi ya mnada yenye kilomita zake na alama za hali yake: 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R huonyesha kwamba lilipata ajali likatengenezwa. Omba karatasi hiyo. Mwenye gari safi hana haja ya kuificha.

Halafu tandika mkeka ulale chini ya gari. Najua umevaa shati jeupe, lala tu. Kaskazini mwa Japani theluji huanguka kwa wingi, na barabarani humwagwa chumvi ya kuiyeyusha. Chumvi hiyo hula chuma cha chini, na juu rangi ikabaki inang'aa. Gonga kwa kidole penye maungio ya magurudumu. Ukisikia sauti ya bati bovu, au vigamba vikakudondokea usoni, umekwisha kujibiwa. Vuta na mikanda ya viti mpaka mwisho wake. Gari lililozama katika mafuriko huoshwa vizuri na kupuliziwa manukato, lakini mstari wa tope mara nyingi hubaki mwishoni mwa mkanda, ambako hapana anayefikiri kuosha.

Mkiliendesha, lizungushe polepole mahali pa wazi, usukani umekatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Mlio wa ka-ka-ka gurudumuni ni jointi zilizochakaa. Tia gia ukiwa umekanyaga breki: likikawia kushika, au likipiga kishindo, giaboksi ina neno. Lipandishe mlima mrefu, usikubali kujaribu kwenye lami ya tambarare tu.

Habari za karatasi ni fupi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, au awe na idhini yake ya maandishi. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi. Hakikisha kwamba gari halidaiwi faini za polisi, na kwamba halikuwekwa rehani benki. Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, kwanza tazama ushuru katika kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, maana Tanzania gari likizidi umri hutozwa zaidi, na mara nyingi kodi hukaribia bei ya gari lenyewe. Kenya hata haliingii likizidi miaka 8.

Na fedha zote zisiishie kwenye kununua. Mwenye shilingi kumi na anunue gari la shilingi nane. Hizo mbili zitakwenda mwezi wa kwanza: oili, plagi, breki, betri na pengine mipira.

Mipira yenyewe ina umri wake. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokwisha kuwa mzee huweza kupasuka ingawa meno yake ni marefu. Kwa magari haya yanayovuta magurudumu yote manne, pana neno jingine ambalo watu hawalijui. Mipira yote minne iwe ya kipimo kimoja na iliyochakaa sawasawa. Ukiweka miwili mipya mbele na miwili kipara nyuma, magurudumu huzunguka kwa hesabu mbalimbali, na ile mashine inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi pasipo kupumzika hata huungua. Mtu huokoa bei ya mipira miwili akalipa bei ya kumi. Upepo nao ujazwe kama karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva inavyosema, si kama kijana wa pampu apendavyo.

Oili ya injini mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na chujio lake. Wako wanaosema 10,000 yatosha. Labda Ulaya, kwa vumbi letu sithubutu. Chujio la hewa ling'utwe mara kwa mara wakati wa kiangazi. Oili ya breki huvuta unyevu hewani, ibadilishwe kila miaka miwili hata kama haijapungua. Na ukiteremka Kitonga au mlima wowote mrefu, weka gia ndogo ili injini ikusaidie kulizuia gari, maana breki zikipata moto kupita kiasi hukanyaga ukakuta hewa.

Tena muwe na daftari katika gari. Nalisema hili kwa kuwa kuandika ni kazi yangu, lakini faida yake nimeiona. Kila linalofanywa liandikwe tarehe, kilomita, jina la oili na bei. Ukienda kwa fundi mpya, humsimulii habari za kukumbuka nusu nusu, unamfungulia ukurasa. Na kopo la oili lifunguliwe mbele ya macho yako.

Shemeji alikaa miezi saba bila gari. Mama mkwe akaenda hospitali kwa basi dogo na kwa bodaboda, miguu ikimvimba. Hatimaye alinunua giaboksi iliyotumika, akaenda kuifungia Mbeya kwa fundi anayezijua CVT, akasimama pale siku nzima makopo ya NS-2 yakiwa miguuni pake. Daftari lake la kwanza nilimpa mimi, la kurasa 48, nalo limekwisha jaa. Sasa anaandika la pili. Jumamosi iliyopita alinipigia simu kunisomea mstari wa mwisho: oili ya injini, chujio, mipira minne ya mwaka mmoja. Nikasikia nyuma yake mama mkwe akiuliza wataondoka lini, maana yeye amekwisha kaa kiti cha mbele na mkanda ameufunga.