Fahamu: Vumbi la kiwanda cha kusaga saruji hudhibitiwaje?

Kiwanda cha kusaga saruji hakina tanuri. Klinka, yaani madonge ya mawe ya chokaa na udongo, huletwa ikiwa imeshachomwa kwingine, ambako hewa ya kaboni nyingi hutoka, kisha husagwa pamoja na jasi na mara nyingi pozolana, yaani majivu ya volkano. Kwa majirani, kama wale wa Athi River nchini Kenya, kero kubwa ni vumbi, na lile laini hupenya hadi mapafuni. Vichujio vya mifuko hulinasa kinuni na kulirudisha kwenye saruji; mfuko uliotoboka usipobadilishwa, majirani ndio watakaolivuta. Klinka ihifadhiwe ghalani, malori yafunikwe turubai. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi, na wananchi wana haki ya kupeleka maoni yao NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.