Doa Jeusi Wayoni Lisipuuzwe

Katika vitongoji vya Mbagala, Mtoni na Tandale, mwananchi akiona doa jeusi wayoni husema ni sugu, au alikanyaga mwiba. Hulikata kwa wembe, akavaa ndala na kuendelea na kazi. Mara nyingi husema kweli. Lakini huenda doa hilo likawa melanoma, saratani ya chembechembe zinazoipa ngozi rangi.

Wapo wadhanio kwamba maradhi haya ni ya Wazungu peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Kwetu sisi weusi ni machache zaidi, lakini hujificha mahali jua lisipofika: wayoni, kiganjani na chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligundulika kuwa nayo katika kidole cha mguu mwaka 1977, baada ya kudhaniwa ni jeraha la mpira. Ilienea mwilini, akafariki tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Dalili zake huonekana kwa macho. Doa hukua, kingo zake hazilingani, rangi huchanganyika, au huwa kidonda kisichopona. Ukuchani huwa mstari mweusi unaozidi kupanuka. Doa la namna hiyo lisiguswe kwa wembe. Daktari huliondoa, likapimwa maabara. Likithibitika, hukata pia ngozi nzima kidogo kulizunguka. Likiwa bado halijachimba ndani, mara nyingi upasuaji huo hutosha. Likichelewa, hufika matezi ya kinena, kisha mapafu na ini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walisikiliza redio kwa vikundi, wakainuka wakachimba vyoo. Moyo ule unatakiwa tena. Mabalozi wa mashina wawahimize watu kutazama nyayo zao. Watumishi wa zahanati wamtake mgonjwa avue viatu, na doa la mashaka walipeleke upesi hospitali ya Temeke au Mwananyamala, ili ikibidi afikishwe Muhimbili au Ocean Road.

Na mgonjwa asiachwe peke yake. Majirani wamsindikize na kumchangia nauli. Anayevuka bahari kutoka Unguja, Pemba au Mafia apate mwenyeji. Hata akipona, akumbushwe siku za kukaguliwa, kwani maradhi haya huweza kurejea. Viongozi wenzetu, tuanze kwa kutazama nyayo zetu wenyewe.