Ada ya Exetat: Je, Shule Ndiyo Ilipe?

Tangu 1967, mlango wa chuo kikuu nchini kwetu ni mmoja: Mtihani wa Dola, ambao sote tunauita Exetat. Asiyefikisha asilimia 50 hapati diploma ya Dola, na bila diploma hiyo hakuna kitivo kinachomwandikisha. Lakini kabla mwanafunzi wa Buluo au wa Kikula hajaandika insha yake ya Kifaransa, mzazi lazima alipe ada ya kushiriki. Asiyelipiwa hafeli; hajaribiwi kabisa.

Wengine husema: basi, shule ilipe. Likasi tunaielewa kauli hiyo, kwa kuwa zamani Gécamines iliendesha shule za watoto wa wafanyakazi wake, na gharama kubwa haikufika nyumbani. Kampuni ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Mzigo ukarudi kwa familia.

Shule ya sekondari ya leo haina mfuko unaotosha kubeba mzigo huo. Hutegemea sana michango ya wazazi. Elimu ya bure inayoahidiwa na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, inahusu shule za msingi za umma. Kwa hiyo “shule ilipe” maana yake ni wazazi wote walipe kidogo kidogo. Nafuu ipo, maana mzigo unagawanywa kwa miaka mingi. Lakini mtoto anayeacha masomo njiani atakuwa amelipia mtihani asioufanya.

Kenya ilichagua njia nyingine: serikali ilianza kulipia watahiniwa wa shule za umma mwaka 2015, na wa shule binafsi mwaka 2017. Hata huko si salama milele: bajeti ya 2025/26 ilizua mzozo kuhusu fedha hizo.

Je, kulipiwa kunaleta nini? Katika jimbo la Michigan, Marekani, tangu 2007 wanafunzi wote wa darasa moja kabla ya la mwisho walifanya mtihani wa kuingia chuo shuleni kwao, bila kulipa. Mtafiti Joshua Hyman alikuta kwamba, kwa kila wanafunzi maskini 10 waliokuwa wakijiandikisha wenyewe na kufikia kiwango cha chuo, wengine 5 wenye uwezo huo hawakuwa wakifanya mtihani.

Kwetu, Dola ndiyo inayotunga maswali, kusahihisha na kutoa diploma. Ni haki ilipie mtihani wake moja kwa moja, kwa idadi ya watahiniwa, fedha zisipitie mikono mingi.

Katika Kiswahili, “bure” ni kisicholipiwa, tena ni kisicho na faida. Wanaotetea ada hushika maana ya pili. Lakini thamani ya diploma inatokana na ugumu wa maswali na uaminifu wa usahihishaji, wala si faranga alizotoa mzazi.