Unyevu na Upenyaji wa Kloridi katika Zege la Pwani

Kabla ya kujadili vipimo, ni muhimu kufafanua istilahi moja. Katika Kiswahili cha kila siku neno unyevu hutumika kwa hewa na kwa kitu kilicholowa bila kutofautisha. Katika tasnifu hii, unyevu ni kiasi cha maji kilichomo katika vinyweleo vya zege. Ule wa hewa utatajwa kwa ukamilifu wake. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwa kuwa zege hukauka polepole mno kuliko hewa inayolizunguka.

Ioni za kloridi hazisafiri katika kinyweleo kikavu. Pale vinyweleo vinapojaa maji, ioni husambaa kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo, na mwendo huo huelezwa kwa kanuni za Adolf Fick za mwaka 1855. Vinyweleo vikianza kukauka, njia ya maji hukatikakatika na usambaaji hupungua kwa kasi. Katika mlinganyo wa Saetta na wenzake (1993), kigezo cha usambaaji hubaki nusu unyevu wa hewa ndani ya vinyweleo unapofikia asilimia 75. Ukishuka hadi asilimia 50, hubaki sehemu moja tu kati ya 17.

Kwa hoja hiyo pekee, mtu angetarajia zege lililozama daima ndilo liharibike mapema zaidi. Nguzo za gati zinaonyesha vinginevyo. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, sehemu kubwa ya nguzo hulowa na kukauka kila siku. Zege lililokauka, maji yanapojaa, hunyonya maji ya bahari kwa nguvu ya kapilari, na maji hayo huingia pamoja na chumvi yake. Maji yanapokupwa, kinachotoka ni mvuke, chumvi hubaki. Mzunguko huo ukijirudia, ukolezi wa kloridi karibu na uso huweza kuzidi ule wa bahari yenyewe. Zaidi ya hayo, oksijeni inayohitajika ili nondo zishike kutu hupita kwa urahisi katika vinyweleo visivyojaa, ilhali huwa haba katika zege lililozama. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya EN 206 huweka eneo la kupwa, kujaa na kurushiwa maji katika daraja la XS3, juu ya zege lililozama, yaani XS2.

Mvua za masika huongeza utata. Huosha kloridi ya usoni, hivyo kilele cha ukolezi huonekana milimita kadhaa ndani. Kulinganisha data za namna hiyo na kanuni ya pili ya Fick kuanzia usoni ni kosa, ingawa bado hufanyika.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni ya mtafiti, limo maabarani. Vipimo vya NT Build 492 na ASTM C1202 huhitaji sampuli iliyojazwa maji kwa ombwe. Hupima zege katika hali ambayo nguzo ya eneo la kupwa na kujaa huipata kwa muda tu, na havigusi kabisa ule mfyonzo. Mhandisi anayekadiria unene wa zege la kufunika nondo kwa thamani hiyo moja anaweza kukosea kuelekea upande wowote. Kwa sababu hiyo, sampuli za utafiti huu zilipimwa unyevu wake kwanza, kina kwa kina, kabla ya kloridi.