KAMPUNI NDOGO ZA SIMU: KWA NINI ZILIUNGANA?



Sisi watu wa Kamanyola tunajua shida ya rezo. Ukisimama karibu na Ruzizi, simu inaweza kushika rezo ya Rwanda ao ya Burundi. Ukipanda Ngomo, milima inaweza kuificha kabisa. Wengi wanauliza: hizi kampuni kubwa hazituoni?

Zinatuona, lakini zinapiga hesabu. Mnara wa mjini unahudumia maelfu ya watu. Mnara wa kijijini unataka mafuta ao sola, mlinzi, na fundi wa kusafiri njia mbaya, halafu wateja ni wachache na wananunua inite kidogo kidogo. Faida haionekani. Njo maana kijiji kinabaki nyuma.

Shida hii si ya kwetu tu. Kule Marekani, Bell alipata haki ya simu mwaka 1876. Haki hiyo ilipokwisha mwaka 1893 na 1894, kampuni ndogo zikaota kama uyoga. Wakulima walijijengea simu wao wenyewe. Wengine walipitisha sauti katika waya wa miiba wa uzio wa ng'ombe! Mwaka 1949 serikali ikakubali kukopesha simu za vijijini. Mwaka 1954 kampuni nane zikaunda chama kinachoitwa NTCA. Leo kina wanachama karibu 850.

Chama hicho kinafanya nini?

Kwanza, kinawapatia wafanyakazi bima ya matunzo na pensheni. Kampuni ya watu kumi haiwezi kuipata peke yake kwa bei nzuri, lakini zikiwa mamia, zinaweza.

Pili, kinafundisha mafundi na viongozi wao.

Tatu, kinasema mbele ya serikali. Hapa mfano ni muhimu. Mtu wa mji akiita kijijini, kampuni yake inapaswa kulipa kampuni ndogo inayofikisha sauti. Kwa kukwepa malipo hayo, kampuni zingine zilipitisha simu kwa njia za bei rahisi, zisizofika. Mwenye kuita anasikia inalia, kumbe kule kijijini ni kimya! Fikiri kama ni mgonjwa anaitia daktari. Kampuni moja ndogo ingelia peke yake, nani angeisikia? Vyama vya kampuni ndogo vilipaza sauti miaka mingi, mpaka sheria ya kulinda simu za vijijini ikatiwa mukono mwaka 2018.

Tusiseme hayo ni mambo ya wazungu. Hapa Kivu ya Kusini, katika kisiwa cha Idjwi, mwaka 2016 watu walifungua intaneti yao ya jamii, jina lake Pamoja Net. Huko Kenya, mwaka 2021 serikali ilitoa aina ya ruhusa ya bei ndogo kwa mitandao ya jamii, na mitandao hiyo iko na chama chao. Na kwetu Kongo, sheria ya tarehe 25 novemba 2020 inasema juu ya mfuko wa kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara haifiki.

Basi sheria iko, na mfano uko. Lakini mfuko wa serikali unasikia mwenye kusema kwa nguvu. Kijiji kimoja kikiandika barua, inaweza kulala katika meza. Vijiji ishirini vikiandika pamoja, vikiwa na hesabu safi na fundi anayejua kazi, ni vigumu kuvinyamazisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ninyi wa fizika na ninyi wa komersiali, jambo hili linawahusu. Mnara unahitaji fundi, na chama kinahitaji mwenye kuweka hesabu. Tusingojee mtu wa Kinshasa aje kutufanyia yote.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa sita