Bonde la Douro: Tazama Kuta Kwanza

Wareno walituachia pwani ya Afrika Mashariki maneno mawili ambayo kwao bado yanafanya kazi pamoja: mvinyo na pipa. Katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, pipa ni chombo na tena ni kipimo cha biashara, lita 550. Lakini anayekwenda huko kwa ajili ya pipa peke yake hulikosa bonde lenyewe. Hata asiyegusa mvinyo maishani mwake ana kitu cha kutazama pale, nacho ni kuta.

Milima ya Douro ni ya shisti, jiwe linalopasuka kwa matabaka. Udongo wa kulimia haukuwepo, ukatengenezwa. Wakulima na vibarua, wengi wao wakitoka Galicia nchini Hispania, walivunja mwamba kwa mikono. Vipande vikubwa wakavipanga kuwa kuta bila chokaa wala saruji, vidogo wakavijaza nyuma yake kuwa shamba. Hivyo ndivyo matuta ya ngazi yalivyopanda kutoka ukingoni mwa mto hadi karibu na vilele. Nyufa za jiwe hilo zimesimama wima, kwa hiyo mizizi ya mzabibu hupenya chini sana kufuata maji ya mvua za kipupwe. Inabidi ipenye, maana milima ya Marão upande wa magharibi huzuia mawingu ya Atlantiki, na wenyeji husema wana miezi 9 ya baridi na miezi 3 ya jehanamu.

Katikati ya karne ya 18 mvinyo wa Douro ulipendwa sana Uingereza, na palipo na soko hapakosi waghushi. Wengine waliukoleza rangi kwa maji ya matunda meusi ya mti wa sabugueiro. Sifa ikaharibika, bei ikaanguka. Mwaka 1756 waziri mwenye nguvu aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal akaanzisha kampuni ya kusimamia biashara hiyo. Mipaka ya eneo ikawekewa nguzo za mawe, na misabugueiro ikaamriwa ing'olewe. Baadhi ya nguzo hizo zingalipo mashambani.

Sheria ililinda jina la mvinyo. Mlimaji hakulindwa vivyo hivyo. Mvinyo ulishushwa kwa mashua za rabelo hadi Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mji wa Porto, ukakomaa huko na kuchukua jina la mji huo, port. Hadi mwaka 1986 mvinyo wa kuuzwa nje ulilazimika kupitia maghala ya Gaia. Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo wageni wengi huuliza: mbona Porto ina majumba ya fahari, na vijiji vilivyozaa utajiri huo vimebaki vya kawaida, vijana wakivihama?

Vijiji hivyo vina kumbukumbu ambayo Gaia haina. Miaka ya 1860 filoksera, mdudu wa jamii ya vidukari, aliingia na kuua mizabibu kwenye mizizi. Dawa ikawa kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani. Wasioweza gharama waliacha mashamba, na matuta yao yaliyokufa, mortórios, yanaonekana hadi leo yakiwa na vichaka au mizeituni. Kijiji cha Favaios, juu kwenye uwanda, bado huoka mkate wa ngano wenye pembe nne. Provesende ina nyumba za kale za wenye mashamba.

Wageni wengi hufika mji mdogo wa Pinhão kwa mashua au treni, wakatazama vigae vya stesheni vinavyoonyesha mavuno, kisha wakarudi Porto jioni ileile. Ukijaliwa kufika, usirudi nao. Panda hadi kijiji kimojawapo, lala huko, nunua mkate na chakula kwa wenyeji, na asubuhi weka mkono juu ya ukuta.